Kipa wa Zamu ya Pili

Sinan bin Nasser hakuwa na mazoea ya kusema uongo, na hilo ndilo lililomponza. Mwongo mzoefu huupima uongo wake, akatia kidogo tu panapohitajika, akajua na nani asifikiwe nao. Sinan alipoamua kudanganya mara moja katika maisha yake, aliwadanganya watu wote kwa mpigo, na akamdanganya hata dada yake aliyemlea.

Mchana yeye ni mtu wa ofisi, kama walivyo wengi wa wenziwe waliozaliwa Unguja wakakulia Maskati. Anaamka alfajiri, anapambana na foleni ya magari mpaka wizarani Al Khuwair, anapitisha makaratasi, anakunywa kahawa, anarudi. Jioni ndipo anapokuwa mtu hasa. Ujanani alikuwa kipa, tena kipa mzuri, na magoti yalipomkatalia hakuweza kuuacha mpira. Timu ya Wattaya, mtaa wa hapohapo Maskati, ikampa kazi ya kuwatafutia wachezaji. Tangu hapo hakuna mechi ya mtaani kutoka Qantab mpaka Seeb ambayo Sinan hajasimama pembeni yake, mikono nyuma, kofia imesogezwa usoni kukinga jua, kimya kabisa.

Ligi yenyewe ni mpya, ya timu sita, ya kulipwa, na walioianzisha waliiga desturi moja ya ughaibuni. Wachezaji wapya hawaendi wanakotaka. Majina yao yanawekwa pamoja, kisha timu zinachagua kwa zamu, mchezaji mmojammoja. Aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua kwanza, ili na wanyonge wapate chochote, na bingwa anachagua mwisho. Zamu ya pili inafuata mpangilio uleule. Ukishaitwa jina, huko ndiko kwako kwa misimu miwili, iwe Maskati, iwe Salalah kusini kabisa, safari ya siku nzima. Usipoitwa, rudi nyumbani ukalale.

Mwaka huu Wattaya ndio waliokuwa mkiani, kwa hiyo Sinan ndiye angefungua mdomo kwanza. Na kati ya majina yaliyokuwa yakisubiri kuitwa, mojawapo lilikuwa la Ayman, kipa, mtoto wa pekee wa dada yake Mahfoudha.

Huyu Mahfoudha ni dada kwa kuzaliwa na mama kwa kulea. Mama yao aliwafia Unguja, na siku familia iliposhuka Maskati, msichana huyo ndiye aliyekuwa amembeba Sinan mgongoni. Alikuja kuolewa akiwa mkubwa, na Ayman alimpata watu wakiwa wameshachoka kumwombea dua. Mumewe akafariki kabla mtoto hajamaliza skuli. Sasa sukari imempanda mpaka machoni, na kila Jumatatu Ayman ndiye anayempeleka hospitali kudungwa sindano ya jicho. Sindano yenyewe Mahfoudha haiogopi. Anachokiogopa ni kuisubiri peke yake kwenye viti vile, haoni vizuri nani anapita mbele yake.

Sinan basi alitaka kitu kimoja tu: Ayman aitwe na Wattaya, abaki Maskati, alale kwa mama yake. Utasema, si jambo dogo hilo? Zamu ya kwanza ni yake, si amwite tu? Lakini mpira haukubali mambo mepesi namna hiyo, na Sinan, ole wake, aliujua mpira mno.

Katika mpira kila nafasi ina thamani yake, na thamani hiyo haina uhusiano mkubwa na uhodari wa mtu. Mshambuliaji wa kweli mwaka huu alikuwa mmoja tu, kijana anayeitwa Badr. Ukimkosa Badr unaangukia kwa watu wa kukimbiakimbia tu uwanjani. Makipa walikuwapo kadhaa wanaofaa, na kwa macho ya timu nyingine wote walikuwa walewale. Tangu ligi ianze, hakuna aliyewahi kumwita kipa katika zamu ya kwanza. Sinan alimweleza hayo Sleyum, mwenyekiti wa timu, mwenye duka la magari palepale Wattaya, mtu anayependa kuelezwa mambo kwa mifano ya kununua na kuuza. Ukienda soko la samaki Matrah asubuhi, alimwambia, unamkimbilia nguru kwanza, kwa sababu yuko mmoja na macho yote yako kwake. Dagaa utawakuta hata watu wakiosha meza. Tumchukue Badr, na kipa atatusubiri zamu ya pili. Sleyum akauliza ni kipa yupi. Sinan akamtaja Ayman, na aliona haya kidogo kwa kumwita mpwa wake dagaa.

Sleyum alikubali. Alisema vilevile kwamba Ayman akiitwa kwanza, mji mzima utasema mjomba kambeba mpwa, na Sinan hakuna maneno aliyoyaogopa duniani kama hayo. Lakini alimtaka aape kwamba siri hii haitatoka, isifike hata nyumbani. Hapo Sleyum hakukosea. Maskati ya watu wa Unguja ni ndogo mno. Neno likinong'onwa kwenye kahawa ya alasiri Wattaya, magharibi haijaadhiniwa utapigiwa simu kutoka Sohar kuulizwa kama ni kweli. Na timu nyingine ikishajua unamtaka nani, itamchukua yeye kabla yako ili uje kumlilia.

Sinan akaapa. Usiku wake wa siku ile ulikuwa wa kujigeuza kitandani. Yeye mwenyewe enzi zake alikuwa wa mwisho kuitwa kila walipogawana timu, maana hakuna anayemkumbuka kipa mpaka goli liwe wazi, na alikuwa akiumia kwa hilo. Sasa dharau ileile ndiyo aliyoifanyia hesabu zake. Alijiambia kuwa anaitumia dharau kwa kheri ya mtoto. Moyo haukutulia kwa jibu hilo.

Kisha ikaja siku ya majaribio. Wachaguzi wa timu zote walikuwa wamejipanga kivulini, kila mmoja anamtazama mwenziwe kuliko anavyotazama uwanja. Ayman akaruka, akautoa kwenye kona ya goli mpira ambao Sinan katika ujana wake asingeuona hata kupita. Vichwa vikageuka. Wamemwona, akawaza, wamemwona, wananichukulia mtoto. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga na hakulitamkia mtu: akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyekata tamaa na kusema, kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili, kwamba mipira ya chini kijana huyu ni hodari, ila mipira ya juu haiwezi.

Uongo mtupu. Mipira ya juu Ayman alikuwa akiichuma kama mapera. Lakini nani angemshuku mjomba anayemsema vibaya mpwa wake, tena mjomba aliyekuwa kipa? Walimwamini papo hapo. Vichwa vikarudi kwa Badr, na Sinan akaona kama kashinda vita. Akarudi nyumbani akila embe garini na kujisifu kimoyomoyo, mpumbavu yule.

Neno lilifika kwa Mahfoudha jioni hiyohiyo. Alimpigia simu, na hakufoka. Laiti angefoka. Alimwuliza tu kama ni kweli kayasema hayo mbele ya watu. Sinan alikikumbuka kiapo chake kwa Sleyum. Angeweza kumwambia aje kwake wanong'one jikoni, na yote yangekwisha. Badala yake akajibu kama anavyomjibu mtu aliyekuja wizarani na karatasi zisizotimia.

"Dada, kwa jambo hili usinitegemee mimi."



"Haya," Mahfoudha akasema. "Nimekufahamu."

Kisha akamkumbusha asisahau bakuli lake la kachumbari lililobaki tangu Ijumaa, na simu ikakatwa. Sinan alijiliwaza kwamba ni siku chache tu, baada ya hapo atamweleza dada yake kila kitu na watacheka mpaka machozi. Hata namna ya kumsimulia aliifikiria, aanzie wapi, amwige Sleyum vipi. Ayman naye hakumwuliza chochote. Aliendelea kumwamkia kwa adabu kama siku zote, ila hakubaki tena uwanjani baada ya mazoezi wapigiane mipira wawili, jambo ambalo hawakuwahi kuliacha tangu akiwa mtoto. Hilo lilimuuma Sinan kuliko alivyotarajia.

Siku ya kuchagua ilifanywa katika ukumbi ulio juu ya duka la Sleyum, alasiri, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka watu wanajikunyata. Kila timu ilikuwa na meza yake na birika lake la kahawa. Wachezaji walikaa nyuma. Ayman alikuwa safu ya mwisho, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na Sinan alijua ni mikono ya nani iliyopiga pasi ile, na kwa macho gani. Mahfoudha alikuwa amebaki nyumbani.

Sinan aliitwa, akasimama, akamtaja Badr. Ukumbi ukapiga makofi, Sleyum akampiga begani. Alipokaa ndipo khofu yenyewe ilipoanza. Kabla ya hapo alikuwa na kazi ya kufanya. Sasa hakuwa na lolote ila kungoja, timu nyingine tano zipite kila moja na mdomo wake, na kila mdomo ungeweza kulitamka jina moja likamwondoa mtoto kwa mama yake.

Sohar walinong'onezana kwa muda mrefu. Sinan alijaribu kusoma midomo yao, akaona kama wanasema Ayman, akaona tena kama wanasema kahawa. Wakachukua mshambuliaji, mmoja wa wale wa kukimbiakimbia. Alhamdulillah. Nizwa wakachukua kiungo. Mchaguzi wa Sur alipogeuka kutazama safu ya nyuma, Sinan alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikamfa ganzi. Mtu yule alikuwa akimtafuta beki wake wa mguu wa kushoto, maana mabeki wa kushoto nao ni adimu, akampata. Wakaja Qantab. Hawa ndio aliowaogopa kweli, kwa sababu kipa wao alikuwa mzee na wao walikuwa majirani, wanamjua Ayman tangu mdogo, na japo ni karibu, wachezaji wao hulala kambini. Mchaguzi wao alisimama, akakohoa, akaomba maji. Sinan alitamani kumnywesha kwa mkono wake. Hatimaye akamtaja beki wa kati.

Sinan akajiegemeza kwenye kiti. Zilibaki Salalah peke yao, mabingwa, nao walikuwa na kipa bora wa ligi nzima. Bingwa mwenye kipa kama yule angemtaka kipa mwingine afanye naye nini? Sleyum alimsogelea na kumnong'oneza kwamba hesabu zake zimetimia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Sinan aliionja kahawa yake, na alianza kukumbuka ile hadithi atakayomsimulia dada.

Mchaguzi wa Salalah anaitwa Bakhit, mtu wa Dhofar hukohuko kusini, mkunjufu, aliyeoa kwa watu wa Unguja. Alisimama akitabasamu. Akasema, kwa kuwa timu yake haina pengo, leo angependa kumfurahisha mtu. Akamtaja Ayman.

Ukumbi uliguna. Wengine walicheka, maana ni kichekesho kweli, kipa kuitwa zamu ya kwanza, na bingwa mwenye kipa. Sinan hakusikia kicheko. Alimwona Ayman anasimama safu ya nyuma kama mtu aliyeitwa kwa makosa, anaangaza huku na huku. Zamu ya pili ikaanza, Sinan akaguswa mkono, akasimama na kutaja jina la kipa mwingine, kijana mwema, wa kawaida. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka meza ya jirani.

Baadaye alimfuata Bakhit kwenye ngazi. Bakhit akamwahi, akamkumbatia na kumwambia kwa Kiarabu chake cha kusini kwamba asimshukuru yeye, amshukuru Balqis, mkewe. Mahfoudha alikuwa amempigia simu Balqis, wamesoma chuo cha Kurani pamoja utotoni, akamlilia kwamba mwanawe hatakiwi na yeyote, mjomba wake mwenyewe kamkataa hadharani. Balqis hakumpa mumewe usingizi. Hivyo Bakhit alijua anafanya hisani kwa dada na kwa ndugu pia. Mtoto atakaa benchi, kweli, lakini benchi la bingwa.

Sinan akamwomba wabadilishane. Alimtajia kipa wake mpya na mchezaji mwingine juu yake, yeyote amtakaye. Bakhit alimtazama kwa mshangao, kisha kwa huruma. Akamwuliza, akimrudisha mtoto leo, Balqis atamwambia nini Mahfoudha? Kwamba kitu alichoombwa kwa machozi amekiuza ngazini? Na Sinan alijua kwamba angekuwa yeye asingefanya pia. Jambo lililoombwa hivyo halirudishwi. Ingebidi Mahfoudha mwenyewe ampigie tena Balqis, na kumfanya apige ilibidi kumweleza sababu.

Alikwenda kwa dada yake baada ya magharibi. Njia nzima aliyapanga maneno, na kila alipoyapanga yalitoka na maana moja: ungeningoja siku chache tu, mwanao angebaki kwako. Mtu gani atamwambia hayo mwanamke aliyemchukua mgongoni?

Alimkuta amekaa ukumbini, uso unang'aa, mkate wa kumimina umekatwa, birika la kahawa liko mkononi. Ayman alikuwa chumbani, mkoba umefunguliwa kitandani.

"Njoo ukae, Sinan," Mahfoudha alisema. "Leo sina ugomvi na mtu. Mie sikukukasirikia, wallahi. Umeshika amana ya watu, huwezi kumbeba mwanangu. Basi nkampigia Balqis, nkamwambia mumeo amchukue, popote, hata kwa kukaa benchi. Mwanangu asirudi nyumbani bila kuitwa."

"Na Jumatatu, dada?"

"Macho yangu mie nshayatumia sana. Yeye ndo kwanza anaanza."

Alilisema hilo kwa furaha, na ndiyo iliyommaliza Sinan. Hakuwa amefikiri kabisa kwamba dada yake alijua anachokitoa. Alidhani kakosea hesabu, kumbe hesabu aliipiga vizuri, akaona mtoto ana thamani kuliko macho, na akalipa. Alilipia kitu ambacho angekipata bure.

Mahfoudha alikuwa akimimina kahawa kwa kupapasa mdomo wa kikombe kwa kidole. Akamwuliza wao Wattaya wamempata nani. Sinan akasema Badr. Na zamu ya pili? Angeweza kudanganya, lakini majina yalikuwa yameshaenea kwenye simu za mji mzima, na pia uongo ulikuwa umeshamtia kichefuchefu.

"Kipa," akasema.

Birika likasimama hewani.

"Kipa? Mlikuwa mnataka kipa?"

Ayman alikuwa ametokea mlangoni. Sinan aliinua macho, wakatazamana. Kijana aliwajua makipa wote wa mwaka ule, alifanya nao mazoezi, na alimjua yule waliyemchukua kuwa hamfikii hata kidogo. Usingehitaji kumwambia neno. Ile siku ya majaribio, ile pumzi ndefu, yale maneno yaliyosemwa kwa sauti kubwa mno, yote yalimpitia usoni, moja baada ya jingine, na Sinan akaona mpaka pale yalipofika mwisho. Alitamani kusema nisamehe. Hakuweza, kwa kuwa aliyekaa kati yao alikuwa akingoja jibu.

Ayman akaja, akalipokea birika kutoka mkononi mwa mama yake.

"Walimtaka kipa wa mipira ya juu, mama," akasema. "Mie siiwezi. Si mjomba alishasema?"

Mahfoudha akapumua. Akasema kila mtu ana upungufu wake, na huko Salalah watamfundisha, inshallah, wana walimu wazuri. Ayman akammiminia mjomba wake kahawa, mkono umetulia, macho yako kwenye kikombe. Ilikuwa ya moto mno. Sinan aliinywa yote kwa pumzi moja, ili machozi yakimtoka waisingizie kahawa.

"Jumatatu ntakuja kukuchukua mie, dada," akasema alipoweza. "Saa ngapi huwa mnatoka?"

Mahfoudha alianza kukataa, kwamba asihangaike, kwamba ana kazi. Ayman ndiye aliyemjibu.

"Saa moja na nusu, mjomba. Na mkifika usiende kutafuta pa kuegesha gari ukamwacha. Shuka naye, ukae naye."